Fungasha kwa Ajili ya Kituo Kigumu Kuliko Vyote: Mwongozo wa Ukaguzi wa Abiria Uwanja wa Ndege

Shangazi yangu alipokwenda Ulaya kumwona mjukuu wake wa kwanza, alibeba katika begi la mkononi chupa ya lita moja ya asali ya Tabora, akaiviringisha kwa kanga na kuikaza kwa mpira wa baiskeli. Katika uwanja aliopandia ndege, mkaguzi aliiinua, akaitazama, akairudisha mahali pake. Saa kadhaa baadaye, katika uwanja wa kubadilishia ndege, kijana aliyevaa glavu aliitoa, akausoma ujazo wake na kuitia kwenye pipa, pamoja na chupa za maji na makopo ya mafuta ya nywele ya abiria wengine. Shangazi alimwambia kwa Kiswahili, “Baba, hiyo ni asali, siyo petroli,” naye kijana akatabasamu kwa adabu na kumwita abiria aliyefuata.

Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayefungasha mizigo ya ndugu zangu wanaosafiri, na nimeona kwamba kero nyingi za ukaguzi zina chanzo kimoja. Abiria hufungasha kwa kufuata desturi ya uwanja anaoanzia, ilhali begi lake litakaguliwa upya, kwa sheria nyingine na kwa macho mengine, karibu kila mahali atakapobadilisha ndege. Kwa hiyo, kabla hujafungua begi, andika njia nzima ya safari yako, pamoja na ile ya kurudi, kisha jiulize ni kituo kipi kati ya hivyo kilicho kigumu kuliko vyote. Anayekwenda Washington kupitia Doha afungashe kwa sheria za Marekani tangu akiwa sebuleni kwake Mbagala, na anayekwenda kununua bidhaa Guangzhou afungashe kwa sheria za China, hata kama uwanja wa nyumbani haumwulizi lolote.

Tuanze na vimiminika, kwa kuwa ndivyo vinavyojaza mapipa. Sheria yake ilizaliwa ghafla. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamezima njama ya kulipua ndege zilizotarajiwa kuruka kutoka London kwenda Amerika Kaskazini, kwa kutumia vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Siku za mwanzo abiria waliotoka Uingereza hawakuruhusiwa kubeba karibu chochote mkononi. Kabla mwaka huo haujaisha, Marekani na Umoja wa Ulaya zilikuwa zimelegeza marufuku hiyo na kuweka kipimo kinachokaribiana, na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia usafiri wa anga, likakipendekeza kwa nchi wanachama. Kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika mfuko mmoja unaoonyesha vilivyomo, unaofungika, usiozidi ujazo wa lita moja, kila abiria mfuko wake.

Kinachowakasirisha watu, na wana haki ya kukasirika, ni kwamba kinachopimwa ni chombo wala si kilichomo. Kopo la mafuta la mililita 200 lililobaki robo litachukuliwa, ingawa mafuta yaliyomo hayafiki hata mililita 60. Usipoteze nguvu kubishana juu ya hilo, kwa maana mkaguzi hana kipimo cha kupimia kilichobaki. Anasoma namba iliyochapwa kwenye chombo. Nunua vichupa vitupu vyenye alama ya ujazo, uhamishie humo unachokihitaji, na kopo kubwa uliache nyumbani au ulitie katika begi linalopakiwa tumboni mwa ndege.

Neno lenyewe “kimiminika” pia linadanganya. Katika vyakula na vipodozi vyetu, vinavyohesabiwa humo ni pamoja na asali, samli, achari, siagi ya karanga, tui la nazi, uji, mafuta ya mgando, dawa ya meno na marashi. Mafuta ya nazi ni mfano mzuri wa ubishi usio na faida: Tanga yanamiminika, penye baridi yanaganda kama mshumaa, na mkaguzi atayahesabu kuwa kimiminika yakiwa katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Halua ya Unguja hutegemea mkaguzi uliyemkuta, na kwa sababu hiyo mimi siiweki mkononi kamwe. Kipimo ninachokitumia nyumbani ni hiki: kitu kikitambaa juu ya sahani, au kikipakika kwa kijiko juu ya mkate, nakihesabu kuwa kimiminika.

Kuhusu mfuko wenyewe, wengi huogopa kwa sababu Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tangazo la Tanzania lilitoa ruhusa kwa ile mifuko midogo ya kufunga kwa zipu ambayo abiria hubebea vipodozi, kwa matarajio kwamba itabaki mikononi mwa mwenyewe na haitatupwa nchini. Basi nunua mmoja ulio imara, uutumie safari baada ya safari. Usiutie chini kabisa ya begi, kwa kuwa utatakiwa kuutoa.

Msafiri anayesema kwamba sheria ya mililita 100 imekwisha kufutwa hasemi uongo kabisa. Viko viwanja vya Uingereza na Ulaya vilivyoweka skana mpya zinazoonyesha begi kwa pande zake zote, na baadhi yake sasa huruhusu chombo cha hadi lita 2 bila kukitoa begini. Lakini Septemba 2024 Umoja wa Ulaya ulirudisha kipimo cha mililita 100 hata penye skana hizo, kisha Julai 2025 ukakubali upya baadhi ya mashine, si zote. Matokeo yake ni kwamba viwanja viwili vya nchi moja vinaweza kuwa na masharti tofauti, na chupa iliyopita ulipokwenda ikanaswa unaporudi. Mpaka kila kituo cha njia yako kiwe na mashine hizo, endelea kuhesabu mililita 100.

Maji uliyonunua ndani, baada ya ukaguzi wa kwanza, yana hatima ileile. Utayanywa hadi utakaposhuka uwanja wa kubadilishia ndege, kisha utayamwaga, maana abiria wanaopita hupitishwa tena kwenye mashine. Beba chupa tupu, ujaze ukishavuka. Manukato au vinywaji vya maduka yasiyotozwa ushuru vina utaratibu wake: muuzaji huvifunga katika mfuko maalumu wenye lakiri, na risiti ikionekana ndani. Usiufungue mfuko huo kabla ya kufika mwisho wa safari, hata kwa nia ya kumwonyesha jirani yako kwenye kiti. Anayeingia Marekani na kuunganisha ndege ya ndani azingatie jambo moja zaidi: katika uwanja wa kwanza atakaotua, kwa kawaida atalichukua begi lake kubwa kwa ajili ya forodha na kulikabidhi upya, na huo ndio wakati wa kuyahamishia humo manukato yake, kwa sababu mbele kuna ukaguzi mwingine unaoweza kuukataa mfuko wa dukani.

Marekani ina sharti jingine ambalo huwakuta watu wetu bila taarifa, nalo ni la vitu vya unga. Tangu tarehe 30 Juni 2018, kwa ndege zinazoingia nchini humo moja kwa moja kutoka nje, unga wowote unaozidi mililita 350, yaani kiasi cha kopo moja la soda, unaweza kukataliwa katika begi la mkononi endapo mkaguzi hakuridhika nao. Fikiria sasa kile anachobebeshwa mtu anayekwenda kwa ndugu zake Minnesota au Texas: unga wa muhogo, bizari ya pilau, iliki iliyosagwa, kahawa, hina, unga wa ubuyu. Vyote hivyo viende katika begi kubwa. Maziwa ya unga ya mtoto na dawa ulizoandikiwa na daktari havimo katika zuio hilo.

Kwa betri mambo hugeuka, na hapo ndipo watu makini hukosea. Wakati asali inatakiwa iende chini, pawabenki ni lazima ibaki mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto mbele ya wahudumu itashughulikiwa mara moja, lakini ikiwaka katikati ya mabegi hakuna mkono wa kuifikia. Mwishoni mwa Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye pawabenki iliyokuwa katika kabati la juu ya viti. Tangu hapo masharti yamezidi kukazwa.

Kinachotazamwa ni nishati ya betri kwa saa za wati, na kipimo cha kawaida ni 100. Ikiwa pawabenki yako imeandikwa tu namba ya mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri, izidishe kwa 3.7 kisha ugawe kwa 1,000. Ya 10,000 itakupa 37, ya 20,000 itakupa 74, zote salama; ya 30,000 itakupa 111, ambayo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na ikizidi 160 haipokelewi kabisa. Ile iliyofutika maandishi iache nyumbani, kwa kuwa mkaguzi asiyeweza kusoma kipimo ana haki ya kuichukua. Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, inamruhusu abiria pawabenki moja tu, wala haruhusiwi kuitumia au kuichaji angani. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaoruka kutoka Guangzhou kwenda Yiwu wajue kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege za ndani ya China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya uthibitisho wa usalama wa bidhaa ya China, na kwamba kiberiti cha gesi hakiruhusiwi huko mkononi wala kwenye begi kubwa.

Vitu vyenye ncha sina haja ya kuvieleza kwa kirefu. Kisu, mkasi, rungu, mkuki wa kuuzia watalii na bakora ya babu viende katika begi la kupakiwa. Kinyago cha mpingo kisicho na ncha kwa kawaida hupita, ingawa kitatolewa na kugeuzwageuzwa.

Sasa kuhusu mashine. Eksirei ya kawaida huonyesha begi kama kivuli bapa chenye rangi: vitu vya asili ya mimea na wanyama, pamoja na plastiki, huonekana kwa rangi ya chungwa, metali kwa buluu, na vilivyo katikati kwa kijani. Vilipuzi vingi huangukia kwenye chungwa, na kwa bahati mbaya tende, jibini, chokoleti, halua na pakiti za sukari huangukia hapohapo. Kompyuta mpakato hutakiwa kutolewa kwa sababu betri na vyuma vyake hufunika vilivyo nyuma yake. Ukishalielewa hilo, utajua kwa nini begi lako huvutwa pembeni huku la mwenzako likipita: si sura yako iliyotazamwa, mara nyingi ni kilo mbili za tende zilizokaa juu ya chaja, nyaya na kitabu kinene. Viweke vyakula vigumu pamoja juu kabisa, nyaya katika kifuko kimoja, kompyuta mahali unapoweza kuitoa kwa mkono mmoja. Begi lililojazwa hadi zipu inalia litafunguliwa, na kulifunga upya mbele ya foleni ni fedheha ambayo nimeionja.

Ukifika kwenye trei, simu, pochi, mkanda, saa na sarafu viwe tayari vimo mfukoni mwa koti au katika begi, usianze kujipekua hapo. Usilitangulize begi lenye pesa na pasipoti kama bado kuna watu wawili mbele yako kwenye lango. Lisukume pale zamu yako inapofika, ili uvuke pamoja nalo.

Kuvua viatu kulitokana na Richard Reid, aliyejaribu tarehe 22 Desemba 2001 kulipua kwa kiatu ndege iliyotoka Paris kwenda Miami. Marekani ililifanya sharti kwa abiria wote mwaka 2006 na kuliondoa Julai 2025. Kwingineko mkaguzi bado anaweza kukuambia uvue, hasa kiatu kikiwa na soli nene au chuma, kwa hiyo vaa kinachovulika bila kukaa chini, na soksi isiyo na tundu. Skana ya mwili, ile unayoingia na kuinua mikono, ilienea baada ya kijana mmoja kujaribu kulipua ndege ya Amsterdam kwenda Detroit siku ya Krismasi ya mwaka 2009 kwa kilipuzi kilichofichwa katika nguo ya ndani. Skana za siku hizi hazionyeshi mwili wako. Huonyesha mchoro wa mtu yeyote, na alama mahali penye kitu kisichoeleweka.

Tatizo ni kwamba mashine hiyo huona kitu kisichoeleweka katika mambo yetu ya kila siku: misuko minene, kilemba, mikunjo ya baibui, kanga iliyofungwa kiunoni, pini za mtandio. Ikitoa alama, utapapaswa. Una haki ya kupapaswa na mkaguzi wa jinsia yako, na ukitakiwa kuvua hijabu au kilemba unaweza kuomba chumba cha faragha na uingie na mtu uliyesafiri naye. Marekani na Uingereza huruhusu hivyo waziwazi. Omba mapema na kwa utulivu, kabla mkono haujakugusa kichwani. Mama mtu mzima asiyejua Kiingereza aandikiwe ombi hilo kwenye karatasi, aliweke ndani ya pasipoti. Siku ya safari tumia mtandio usio na pini za chuma, na punguza vipambo.

Wakati mwingine mkaguzi atakupangusa viganja kwa kitambaa kidogo na kukiingiza katika mashine inayotafuta chembechembe za vilipuzi. Mbolea ya chumvichumvi na mafuta ya mikono yenye gliserini yanaweza kuiamsha kengele. Kama juzi ulikuwa shambani ukitia mbolea, osha mikono, viatu na mpini wa begi kabla ya kuondoka, na ukiulizwa eleza ukweli huo kwa sentensi moja. Mzaha wowote kuhusu bomu, hata kwa Kiswahili ukidhani hakuna anayekuelewa, unaweza kukunyima safari.

Dawa za maji unazozihitaji njiani, maziwa na chakula cha mtoto vinaruhusiwa kuzidi mililita 100, ila sharti uvitoe na kuvitangaza mwenyewe kabla havijaonwa. Beba cheti cha daktari chenye jina lilelile lililo kwenye pasipoti, na dawa ziwe katika vifungashio vyake. Mwenye kifaa cha moyo au pampu ya insulini amweleze mkaguzi kabla ya kuingia langoni, aombe kukaguliwa kwa mikono.

Viwanja vyetu vina tabia yake, ambayo ni kukagua mara kwa mara. Julius Nyerere begi hupitishwa kwenye mashine tangu mlangoni, kisha tena kabla ya kupanda. Jomo Kenyatta, kwa miaka mingi, abiria wameshushwa garini wakakaguliwa hata kabla ya kuliona jengo. Saa tatu kabla ya safari ya nje si nyingi. Kumbuka pia kwamba ukaguzi hauna ada. Nilipata kuambiwa na mkaguzi, akiwa ameshika chupa yangu ya marashi, kwamba “tunaelewana”; nikamjibu kwamba kama hairuhusiwi aitupe, na ikarudi begini. Jibu hilo linafaa pia kwa yule anayekuomba ya soda.

Ukiona herufi SSSS kwenye pasi yako ya kupandia ndege ya kwenda Marekani, maana yake umepangiwa ukaguzi wa ziada. Ongeza saa moja na usihangaike. Inapojirudia kila safari, kama inavyowakuta baadhi ya watu wenye majina yanayofanana na ya wengine, jaza fomu ya DHS TRIP ya Wizara ya Usalama wa Ndani ya nchi hiyo, upewe namba utakayoitumia unapokata tiketi.

Kitu kikikataliwa, uliza kwa upole kama unaweza kurudi kaunta kukipakia. Ukiona umedhulumiwa, mwite msimamizi, andika saa, namba ya lango na maneno uliyoambiwa, kisha upeleke malalamiko kwa maandishi kwa mamlaka ya uwanja baada ya kufika. Na kwa kuwa wasindikizaji hawaruhusiwi kuingia, mwombe aliyekuleta asiondoke maegeshoni mpaka umempigia simu kutoka upande wa pili wa mashine. Akiwa bado yupo, asali itarudi nyumbani naye.